Nilimwona kwa Macho Yangu



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlio majumbani, ninyi mlio njiani kuelekea kanisani, na ninyi mliokesha kwenye maduara ya dhahabu na sasa mmejinyosha na redio kando yenu, nawasalimu nyote asubuhi hii ya Dominika. Leo napenda tutafakari pamoja juu ya maneno manne ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyatamka, tena kwa kiapo: "Nilimwona kwa macho yangu."

Nawatolea mfano. Sisemi habari za mtu fulani wala za kaya fulani; ni mfano tu, lakini wenye masikio watautambua. Tuseme tuko Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, mahali ambapo wakulima na wafugaji wanaishi jirani na wachimbaji wadogo waliotoka mikoa mingi. Yupo bibi mmoja, umri wake wapata miaka 80. Ameanza kusahau. Usiku wa manane anaamka, anachukua ndoo, anatoka kwenda kisimani. Kisima anachokitafuta ni kile cha ujana wake, ambacho kimekwisha kufukiwa miaka mingi. Anatangatanga, na mwisho anajikuta kwenye ua wa jirani. Mbwa wanabweka. Kijana mmoja anayerudi kutoka zamu ya usiku anamwona, anashtuka, anapita.

Wiki hiyohiyo mtoto wa nyumba ile anashikwa na homa kali, na anafariki. Kwenye matanga mtu mmoja anauliza kwa sauti ya chini: "Hivi, yule bibi hamkumwona usiku ule akiwa mlangoni?" Wa kwanza anajibu kwamba ndiyo, alionekana. Wa pili anakumbuka kwamba naye alisikia nyayo. Wa tatu anakumbuka kitambaa chekundu. Siku ya tatu watu watatu wako tayari kuapa kwamba walimwona bibi mlangoni pa mtoto, amejifunga kitambaa chekundu, akinong'ona maneno. Ukweli ni kwamba mtu mmoja tu alimwona, tena uani, akiwa na ndoo tupu mkononi.

Ndugu zangu, yanayofuata baada ya hapo tunayajua, na ni aibu iliyoandikwa katika historia ya nchi yetu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa yao waliuawa huku kwetu Usukumani. Wengi walikuwa wanawake, wazee, wajane. Na kila palipomwagika damu, palikuwapo mtu aliyesema: nilimwona kwa macho yangu.

Mtaniuliza: Je, watu hao wote walikuwa waongo? Yamkini baadhi yao walikuwa waongo, waliotamani shamba la mjane au ng'ombe zake. Lakini jambo la kutisha zaidi ni kwamba wengi hawakuwa waongo. Walisema walichokumbuka. Kosa lilikuwa ndani ya kumbukumbu yenyewe.

Sisi aghalabu tunadhani kwamba kumbukumbu ni sanduku: unaweka kitu, unafunga, na ukirudi baada ya miaka 10 unakikuta kama ulivyokiacha. La hasha! Wataalamu wanaochunguza ubongo wanatufundisha kwamba kumbukumbu inafanana zaidi na nyumba ya udongo. Kila mara tunapokumbuka, tunaijenga upya. Na palipo na pengo tunaziba kwa udongo wowote ulio karibu: maneno tuliyosikia jana, hofu tuliyo nayo leo, habari ya mtu mwingine. Kisha tunapaka chokaa, na sisi wenyewe hatuwezi tena kutofautisha ukuta wa zamani na kiraka kipya.

Nitaungama kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba siku ya upadrisho wangu ilinyesha mvua kubwa, na kwamba marehemu baba yangu alinifunika kwa koti lake. Nililisimulia jambo hilo hata mimbarani, nikilifanya ishara ya baraka. Siku moja dada yangu akanionyesha picha za siku ile. Ardhi ilikuwa kavu, vumbi tupu, na watu wamekaa chini ya miti wakikimbia jua. Mvua ile na koti lile vilikuwa vya siku nyingine, ya mazishi ya babu. Nilikuwa nimeunganisha siku mbili za maisha yangu kuwa moja. Sikudanganya, lakini nilichokisema hakikuwa kweli.

Labda mtasema: "Padre, hayo ni mambo madogo; lakini jambo zito halisahauliki." Wengi wenu mliokuwa watu wazima huku Kanda ya Ziwa mnaamini mnakumbuka barabara mlikuwa wapi mliposikia kwamba meli ya MV Bukoba imezama, tarehe 21 Mei 1996. Basi sikilizeni. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Wamarekani kiitwacho Challenger kililipuka angani na wote saba waliokuwamo wakafa. Asubuhi iliyofuata mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike walikuwa wapi na nani aliwapa habari hizo. Karibu miaka mitatu baadaye wakaulizwa tena. Wengi walitoa habari tofauti kabisa na ile waliyoiandika wenyewe, na wengine walikuwa na hakika kamili. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Hapo tunajifunza jambo la maana: hakika aliyo nayo mtu moyoni si kipimo cha ukweli. Mtu anaweza kuapa kwa machozi, na akawa amekosea.

Tena kumbukumbu inaweza kuharibiwa kwa swali tu. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Wengine 50 waliulizwa mwendo wa magari "yalipopondana". Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Lakini waliosikia neno lile jepesi, 7 walisema waliviona. Na waliosikia neno lile zito, 16 walisema waliviona. Neno moja liliingiza vioo machoni mwa watu!

Sasa rudini nami kwenye matanga ya Mwakitolyo. Yule aliyeuliza, "Hamkumwona akiwa mlangoni?" hakuuliza; alipanda mbegu. Na mpiga ramli anayemwambia mfiwa, "Je, hakuna mwanamke jirani yako, mzee, mwenye macho mekundu?" naye hakuuliza, amepanda mbegu katika udongo uliolowa machozi, na kumbukumbu itaiotesha kwa muda mfupi. Wahenga walisema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo tumezoea kuitumia kuthibitisha uvumi. Mimi leo nawaomba muisikie kwa hofu: lile ambalo halipo, kwa kusemwa tu, linaweza kuja na kukaa katika vichwa vya watu kama jambo lililotendeka.

Liko pia jambo la usiku. Katika giza jicho la mwanadamu halitambui rangi. Nguo nyekundu huonekana nyeusi tu. Anayesema aliona kitambaa chekundu penye giza nene, rangi hiyo imetoka kwenye kumbukumbu, haikutoka jichoni. Na liko jinamizi. Wengi wenu mmepata kuamka usiku mkashindwa kuinua hata kidole, mkahisi uzito kifuani, na mkaona kivuli cha mtu kimesimama karibu na kitanda. Tunapoota, ubongo huulegeza mwili usitende yale tunayoyaota. Mara chache akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto huendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Hilo huwapata zaidi watu waliokosa usingizi au wanaolala kwa saa zisizo na mpango, kama ninyi mnaoingia duarani usiku. Baada ya dakika chache hupita lenyewe. Lakini yule uliyemwogopa mchana ndiye utakayempa kivuli hicho sura yake, na asubuhi utasema: nilimwona chumbani kwangu.

Mahakimu wetu wanaijua hatari hii. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilifundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu sana, usiofaa kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Sharti iulizwe: Shahidi alimwangalia kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Ulikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Alikuwa akimjua kabla ya siku hiyo? Ikiwa mahakama, yenye mawakili na kumbukumbu zilizoandikwa, inaogopa hivyo kumhukumu mtu kwa maneno "nilimwona", sisi tunapata wapi ujasiri wa kumhukumu mjane kwenye matanga, kabla hata kaburi halijakauka?

Wapendwa, tumetazama kumbukumbu ya wanaoshuhudia. Sasa tumtazame bibi mwenyewe, maana naye ana kumbukumbu, na yake inaugua.

Upo ugonjwa wa ubongo unaowapata wazee, wa kupotewa na kumbukumbu. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na wakaona kwamba watu kama 6 katika kila 100 wanao. Kwa hiyo hauko Ulaya peke yake. Uko vijijini mwetu, ila sisi tumeupa jina baya. Tabia yake ni ya ajabu: aghalabu unaanza kufuta mambo ya karibuni na kuyaacha ya zamani. Bibi hajui kama amekula asubuhi, lakini anaikumbuka njia ya kisimani aliyoipita akiwa msichana. Hamjui mjukuu anayemletea uji, anamwita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Usiku na mchana vinageuka, naye anatoka nje gizani. Anaongea peke yake, kwa sababu kwake yeye wale anaoongea nao wapo. Sisi tunasema: anatembea usiku, anaongea na wafu, basi ni mchawi. Kumbe ni mwanamke anayeitafuta nyumba yake ya zamani, na hakuna aliyemshika mkono.

Na yale macho mekundu? Mama aliyepika kwa miaka 60 kwa mabua na samadi ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi wa ugali aliowalisha watoto wake. Je, tumwue kwa sababu alitulisha?

Wachimbaji wadogo nanyi mnisikilize, kwa maana jambo hili linaweza kuwafikia kabla ya uzee. Mnapochenjua dhahabu mnaichanganya na zebaki, kisha mnaichoma. Mvuke wa zebaki hauonekani, lakini ukivutwa kwa muda mrefu unaingia hata katika ubongo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huja bila sababu, na kumbukumbu hudhoofika. Madaktari waliwapima wachimbaji huko Rwamagasa, Geita, na kukuta dalili za sumu hiyo. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Minamata, ambao umeitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliangamizwa na zebaki iliyomwagwa baharini. Kwa hiyo msiichome kamwe jikoni wala karibu na watoto na wajawazito. Tumieni chombo chenye mfuniko kinachonasa mvuke wake. Na mkimwona mwenzenu anatetemeka na kusahau, msiseme amerogwa. Mpelekeni hospitali, mkamweleze daktari kazi aliyoifanya.

Ndugu wasikilizaji, Maandiko Matakatifu yanatupa kielelezo. Katika Kitabu cha nabii Danieli tunasoma habari za Suzana, mwanamke mwema wa Babeli. Wazee wawili, tena waamuzi, walimshtaki kwamba walimwona kwa macho yao akizini bustanini. Umati uliamini, kwa sababu mashahidi walikuwa wawili na walikuwa wakubwa. Suzana alikuwa anapelekwa kuuawa. Hapo Mungu akamwinua kijana Danieli. Kijana huyo alifanya nini? Hakupiga ramli, wala hakungoja muujiza. Aliwatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake swali moja la kawaida: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine, na damu isiyo na hatia ikaokolewa.

Wale wazee walikuwa waongo, nasi tumesema kwamba wengi wetu si waongo. Lakini dawa ni ileile. Swali la Danieli humfichua mwongo, na humwamsha pia mkweli aliyekosea. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Mimi nawaambieni, tusidhani tumeishika amri hiyo kwa sababu tu hatukukusudia kudanganya. Maisha ya jirani yako yanapotegemea maneno yako, unawajibika pia kuuliza kama unayoyakumbuka ni kweli. Asiyetaka kujiuliza hayuko mbali na amri ya tano, ile inayokataza kuua.

Basi, ninyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, nawaachia mambo matatu ya kufanya.

La kwanza: uvumi ukianza, muwe Danieli. Mwulizeni kila mtu peke yake, mapema, kabla hawajakaa pamoja kusimuliana. Msiulize, "Je, ulimwona bibi?" Ulizeni, "Wewe uliona nini?" Kisha mwulize: Katika hayo, ni yapi uliyoyaona, na ni yapi uliyoyasikia baadaye? Ulikuwa umbali gani? Taa ilikuwapo? Mtashangaa jinsi mashahidi watatu wanavyorudi kuwa mmoja, na mlango unavyorudi kuwa ua, na kitambaa chekundu kinavyorudi kuwa ndoo. Na kama kuna dalili ya mtu kudhuriwa, mtoeni taarifa mapema kwa viongozi wa serikali na polisi, mkampeleke mahali pa usalama.

La pili: waandikeni wazee wa jumuiya yenu wanaosahau. Pangeni zamu ya kukaa nao na kuwatembelea, hasa wale wasio na ndugu, hasa penye wageni wengi wasiowajua. Wapelekeni hospitali, kwa sababu kusahau kwingine kunatokana na maradhi yanayotibika, kama upungufu wa vitamini, maambukizo, au huzuni kubwa. Mlango wa usiku ufungwe vizuri, na mtu alale karibu. Wala msibishane na mzee anayetafuta kisima kisichokuwapo. Mshike mkono, mwulize habari za kisima hicho, kisha mrudi naye nyumbani polepole.

La tatu: wafundisheni watoto na vijana wa kipaimara maneno mengine matatu, badala ya yale niliyoanza nayo: "Huenda mimi nimekosea." Hayo si maneno ya mtu dhaifu. Ni maneno ya kiumbe anayejua kwamba Mungu peke yake ndiye akumbukaye bila kukosea.

Na hapo ndipo penye faraja yetu. Nabii Isaya anatuonyesha kwamba hata kama mama angeweza kumsahau mtoto anyonyaye, Mungu hawezi kutusahau sisi. Yule bibi wa mfano wetu amesahau jina la mjukuu wake. Siku moja huenda atalisahau hata jina lake mwenyewe alilopewa katika ubatizo. Lakini jina hilo limeandikwa katika kitabu cha parokia, na kwa namna ya juu zaidi limeandikwa mbinguni. Linapofutika kichwani mwake, ni wajibu wetu kulitunza kwa niaba yake. Ndiyo maana sisi Wakristo tunakutana kila Dominika kuizunguka meza ya Bwana kufanya kumbukumbu yake pamoja, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayetosha kukumbuka peke yake.

Leo jioni, giza litakapoingia Mwakitolyo na vijiji vyote vya Shinyanga na Geita, huenda mtamwona mtu mzee njiani akiwa na ndoo tupu. Nawaomba katika jina la Kristo: msikimbie, wala msipige yowe. Msogeleeni, mumwamkie kwa heshima, "Shikamoo, Bibi," mkachukue ile ndoo, mumrudishe kwake. Kisha kesho mkiulizwa mliona nini usiku, mtakuwa na ushahidi wa kweli wa kutoa.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.